NGUZO JUU YA KABURI LA RAHELI

Somo: Mwanzo 35:16–20

  Twawasalimu mnaoteremka kwa matatu kutoka Kangemi, Kawangware na Waithaka kuja mjini kutafuta riziki. Twawasalimu pia ninyi mnaopishana nao njiani, walinzi wa usiku, mnaorudi nyumbani kulala baada ya kukesha mkilinda mali za wengine. Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu ninyi kwa namna ya pekee.

Somo letu ni fupi. Yakobo na jamaa yake walikuwa wameondoka Betheli. Walipokuwa hawajafika Efrathi, ndio Bethlehemu, mkewe Raheli alianza kuumwa, na kuzaa kwake kukawa kugumu sana. Mkunga alikuwapo. Alimtia moyo, akamwambia aondoe hofu kwa maana anapata mwana mwingine. Lakini Raheli alikuwa akikata roho. Alimpa mtoto jina la Benoni, maana yake mwana wa huzuni, na baba yake akaligeuza akamwita Benyamini. Raheli akazikwa kando ya njia, na Yakobo akasimamisha nguzo ya mawe juu ya kaburi lake.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulijifunza habari hii ili tujue jinsi makabila kumi na mawili ya Israeli yalivyotimia. Tuliulizwa maana ya jina la Benyamini, tukajibu vizuri, tukapata alama zetu. Hatukuulizwa lolote juu ya mama aliyebaki njiani, wala sisi wenyewe hatukuuliza. Ilitubidi tuwe makasisi wenye mvi chache kichwani ndipo tukafundishwa habari ya Raheli, na aliyetufundisha hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa askari wa usiku.

Ndugu huyu hulinda jengo la maofisi katikati ya jiji, na ana chumba kimoja Kangemi. Mkewe alipokuwa mja mzito wa miezi saba, walikubaliana arudi nyumbani, kijiji kimoja cha magharibi mwa nchi, akajifungulie huko karibu na mama mkwe. Wasikilizaji wengi mwalijua jambo hilo, kwa kuwa nanyi mmelifanya. Chumba cha mjini ni kidogo, kodi ni kubwa, na hakuna wa kumkandia mzazi maji wala kumpikia uji. Nyumbani kuna shamba, kuna shangazi, kuna wakina mama waliozaa wengi. Basi mume hubaki mjini na mshahara na simu, na mke huenda kijijini na mimba.

Uchungu ulianza Ijumaa jioni. Mtoto wa kike alizaliwa saa nane za usiku mikononi mwa bibi yake, akalia vizuri, na watu wakamshukuru Mungu. Lakini damu ya mama haikukoma. Mwendesha bodaboda wa karibu alitaka shilingi 1,200 kwa safari ya usiku ya kwenda kituo cha afya, na nyumbani zilikuwapo 300. Mama mkwe hakutaka kukopa wala kumtoa mke wa mwanawe nje ya nyumba usiku bila mwenyewe kujua. Akasema, "Tumpigie baba yake mtoto, yeye ndiye atakayesema." Wakapiga. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika Kangemi na simu ya ndugu yetu haikuwa na chaji. Wakapiga tena na tena hadi alfajiri. Kulipopambazuka wakampandisha yule mama kwenye pikipiki, akafa kabla ya kufika.

Jumatatu ndugu yetu alikuja katika ofisi ya kanisa akiwa ameishika simu mkononi. Alitusomea saa za zile simu saba alizopigiwa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma somo kanisani. Kisha akasema, "Kasisi, walikuwa wananingoja mimi."

Wapenzi, hatukuwa na neno la kumjibu. Lakini tulifanya yale tunayoyajua. Tuliandika jina la marehemu katika daftari, tukateua mwenyekiti wa mchango na mtunza fedha, na habari zikapelekwa kwa simu kwa Wakristo wote. Kwa siku nne zilipatikana zaidi ya shilingi 90,000. Tulinunua jeneza zuri. Tulikodi basi. Tulimzika dada yetu kwa heshima, na baadaye kaburi likajengwa kwa saruji. Ndipo siku moja, tukisoma Mwanzo 35, tuliiona ile nguzo ya Yakobo, na mioyo yetu ikatuchoma. Kanisa letu lilikuwa limesimamisha nguzo. Lakini katika miezi tisa ya ile mimba hapakuwa na mmoja wetu, wala kasisi, wala mzee wa kanisa, aliyemwuliza yule askari swali moja dogo: je, umeweka shilingi 1,200?

Yakobo hatumlaumu. Alikuwa jangwani, hapakuwa na hospitali mbele yake wala nyuma. Na yule mkunga hatumlaumu, kwa kuwa alifanya kazi yake na maneno yake yalikuwa mema. Hapa pana fundisho kwetu sisi tunaoheshimu wakunga wa jadi, nasi twapaswa kuwaheshimu, maana wametuzaa wengi wetu. Mkono wa mkunga waweza kuwa na ujuzi na moyo wake ukawa na huruma, na bado asiwe na damu ya kumwongezea mzazi, wala dawa ya kulikaza tumbo la uzazi, wala kisu cha kumtoa mtoto aliyekwama. Wenye ujuzi wa mambo haya hutuambia kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa kwa muda wa kama saa mbili tu. Fikirini basi. Tangu saa nane za usiku hadi mapambazuko ni saa ngapi?

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo vingi vya wazazi hutokana na kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda. Pili ni kuchelewa kufika. Tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Barabara mbovu twaweza kuilaumu serikali. Dawa zikikosekana hospitalini twaweza kuilaumu serikali pia, na wakati mwingine yatupasa. Lakini kule kuchelewa kwa kwanza huanzia nyumbani mwetu, jikoni mwetu, na katika simu zetu. Na mara nyingi uzazi wa kijijini huamuliwa hapa Nairobi, na mtu aliyesimama kwenye lango la jengo la ghorofa.

Mbona watu wetu husita? Wengine husema ni ujinga. Sisi twasema aneni hivyo asiyewajua. Tumeketi na wakina mama wa Kangemi na Kawangware, tukawasikiliza, na sababu zao zina uzito.

Mmoja alituambia kwamba kwao mimba haitangazwi mapema, kwa kuogopa jicho baya, kwa hiyo haendi kliniki mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Mwingine alisema mwanamke anayepasuliwa huchekwa kwamba hakuweza kuzaa, kana kwamba alikosa ujasiri. Mwingine, naye ni mlokole wa miaka mingi, alisema jamaa zake walimwambia kukimbilia daktari ni kupungukiwa na imani. Na mwingine alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hatarudi tena mahali alipozalia mtoto wa kwanza, kwa sababu ya maneno aliyotukanwa akiwa uchi na mwenye uchungu.

Huyu wa mwisho asidhaniwe kuwa anasingizia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa katika hospitali na vituo vya afya 13 hapa Kenya, ulionyesha kwamba mwanamke mmoja katika kila watano alisema alidharauliwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua. Mwaka huo huo Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya umma kwa kushindwa kulipa gharama za kujifungua walivunjiwa haki zao. Kwa hiyo ninyi wauguzi na madaktari mnaotusikiliza, tena wengi wenu ni Wakristo wa makanisa yetu, twawasihi kwa upendo. Twajua mwafanya kazi usiku kucha, vitanda ni vichache na mikono ni michache. Lakini neno moja baya mlilosema Nairobi husafiri kwa basi hadi kijijini, na huko humfunga mlango mama mwingine msiyemjua.

Na yule dada wa imani twamjibu kwa Maandiko. Mfalme Hezekia alipougua hata kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akasikia. Lakini nabii yule yule aliyemletea habari za kupona aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi yalikuwapo na dawa ilikuwapo, na Isaya hakuona kwamba moja lamwaibisha mwenzake. Luka aliyetuandikia habari za kuzaliwa kwa Bwana wetu alikuwa tabibu. Wamisionari walioleta Injili kwetu hawakuleta kanisa peke yake. Ukitoka Dagoretti ukaelekea magharibi kidogo tu, utakuta hospitali ya Kikuyu, ambayo Wakristo wa Uskoti waliianzisha mwaka 1908. Imani ile iliyowajenga wazee wetu ilikuwa na madhabahu na wodi.

Tena sisi Waanglikana tunayo hazina tuliyoisahau. Katika Litania ya Kitabu cha Sala cha zamani, waombaji huwataja mbele za Mungu, kwa pumzi moja, watu wanaosafiri nchi kavu na majini, na wanawake walio katika uchungu wa kuzaa, na wagonjwa, na watoto wachanga. Msafiri na mzazi wamewekwa pamoja. Wazee walijua kwamba mwanamke anayezaa yuko safarini, tena safari ya hatari, na aweza asifike. Kitabu hicho kina pia ibada ya mwanamke kuja kushukuru kanisani baada ya kujifungua salama. Babu zetu waliiona hatari hiyo kuwa kubwa kiasi cha kuitengenezea ibada. Sisi leo twamwona mama amerudi na mtoto mgongoni, twasema "hongera", twapita.

Mambo yamebadilika, nasi tumshukuru Mungu kwa hayo. Mwezi Februari mwaka 1987 wajumbe wa mataifa mengi walikutana papa hapa Nairobi, wakatangaza jitihada ya uzazi salama. Wakati ule ilikadiriwa kwamba wanawake wapatao nusu milioni walikufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya mimba na uzazi. Walitaka idadi hiyo ipungue kwa nusu ifikapo mwaka 2000, na haikupungua kiasi hicho. Lakini kazi haikuachwa, na kwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo kama 260,000. Hapa Kenya, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 ni 43 tu waliozaliwa katika hospitali au kituo cha afya. Mwaka 2014 wakawa 61. Mwaka 2022 wakawa 82. Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake tangu Juni 2013, na jambo hilo lilisaidia wengi. Tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo SHA. Basi mwandikishe mkeo mapema, mimba ikiwa changa, usingoje foleni ya siku ya uchungu.

Wapenzi, 82 katika 100 ni jambo la kushukuru. Lakini mchungaji wa mfano wa Bwana wetu alikuwa na kondoo 99 salama, na hata hivyo aliondoka kwenda kumtafuta mmoja. Sisi tunao 18. Tuwatafute wapi? Wengine wako mbali, katika nchi kavu ambako zahanati ni mwendo wa siku. Lakini wengine wako Kawangware, nyuma ya mabati, hatua chache tu kutoka barabara ya lami, wakiogopa usiku, au wakiogopa gharama, au wakiogopa maneno. Na wengine ni wake zetu tuliowapeleka nyumbani.

Basi tufanyeje? Tutasema mambo manne, nayo hayahitaji fedha za wafadhili.

La kwanza ni kwenu wanaume. Toeni ruhusa yenu mapema. Siku unayompeleka mkeo nyumbani, keti pamoja na mama yako na mkeo, useme kwa kinywa chako: "Mama, akiumwa, au akivuja damu, au akipata kizunguzungu na degedege, usinitafute mimi kwanza. Mpeleke." Maneno hayo hayavunji heshima yako wewe mwenye nyumba. Yanaitimiza.

La pili ni nauli. Ijulikane ni kiasi gani, iwekwe mahali pamoja, na ashikwe mtu mmoja wa pikipiki au gari ambaye ameahidi kuja usiku. Anayefunga mzigo baada ya basi kuondoka hakusafiri.

La tatu ni kliniki. Mama aende mapema, kabla miezi mitatu haijapita, wala asiende mara moja tu ili apate kadi. Shinikizo la damu halipigi hodi. Hujulikana kwa kupimwa. Na mtoto akizaliwa, chanjo zake zifuatwe zote: ya kuzaliwa, za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na zile za surua za miezi tisa na miezi kumi na minane. Wengi wetu tulipoteza ndugu kwa surua kabla mpango wa taifa wa chanjo haujaanza mwaka 1980. Watoto wa siku hizi hawajui hata jina la ugonjwa huo, na hiyo ni rehema.

La nne ni kwa makanisa. Mary Sumner alipoanzisha Umoja wa Akina Mama huko Uingereza mwaka 1876, aliona kwamba kulea ni wito ambao mama hapaswi kuachwa peke yake. Katika kanisa letu, baada ya msiba ule, Umoja wa Akina Mama na wanaume wa KAMA walifungua daftari jipya. Daftari la mchango wa mazishi tulikuwa nalo siku zote. Hili la pili ni la wanaotarajia. Kila mama anayependa huandikwa, na pembeni huandikwa jina la jirani atakayemsindikiza, hata kama ni saa nane za usiku, na akiba ndogo ya nauli huwekwa. Kwa wale wanaokwenda kujifungulia nyumbani, twawapigia simu Wakristo wa kule kabla hawajafika. Hatujivuni kwa jambo hilo. Tulilianza tukiwa tumechelewa.

Mtanataka kujua habari za yule mtoto. Yu hai. Analelewa na bibi yake kijijini. Mwaka jana tulipopita huko bibi alitutolea kijitabu cha kliniki kutoka sandukuni, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, na kila chanjo imejazwa tarehe. Majirani wakatuambia kwamba siku hizi yeye ndiye huamshwa usiku mwanamke anaposhikwa na uchungu, naye huuliza jambo moja tu, pikipiki iko wapi. Tulipomsifu hakufurahi. Alisema, "Mimi sikuwa na ubaya naye, Kasisi. Nilikuwa namheshimu mwanangu." Kisha akamchukua mjukuu wake, akaingia ndani.

Wasikilizaji wetu, kaburi la dada yetu lipo nyuma ya nyumba ile, na saruji yake ni nzuri. Sisi ndio tulioilipia. Mungu atusaidie tusijenge lingine kama lile.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe ulimwona Raheli njiani, na Mwanao mpendwa alizaliwa safarini, mahali pasipo nafasi. Twawaweka mikononi mwako wakina mama wote ambao siku zao zimekaribia, walio mijini na walio vijijini. Uwape wauguzi na wakunga mikono imara na maneno ya upole. Uwape wanaume masikio ya kusikia kabla hawajaitwa. Uwasamehe waliochelewa, na utusamehe sisi kanisa lako, ambao tulikuwa wepesi wa kuzika na wazito wa kusindikiza. Umfariji ndugu yetu akeshaye usiku mbali na mtoto wake. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Nawe ndugu unayesikiliza, kama mkeo yuko nyumbani na siku zimekaribia, mpigie simu leo. Umpigie na mama yako.